Namkunda Aliyefuga Maharage Ndani

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nani?

Palikuwa na zimwi!

Lilikuwa na akili?

Halikuwa nazo!

Basi sogeeni, na wewe acha kuchokonoa moto, niwaambie jinsi lilivyokula miaka yote bila kulima.

Hapo kale, mlimani kwenye ukungu, palikuwa na kijiji cha wakulima wa maharage. Juu ya kijiji, kwenye mteremko wenye udongo mzuri kuliko wote, liliishi zimwi. Msiniulize lilikuwa na macho mangapi. Lilikuwa na mdomo na tumbo, na hivyo viwili vililitosha.

Zimwi hilo halikujua jembe. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Uchawi wake ulikuwa mmoja tu. Watu wakishapanda, lilikuja likalala kifudifudi shambani, tumbo juu ya udongo, likaita:

"Mbegu, mbegu, njoo kwa bwana wako.
Mbegu, mbegu, njoo kwa bwana wako.
Mbegu, mbegu, njoo kwa bwana wako."

Sauti ilipita ardhini, na kila mbegu iliyolala udongoni ilichomoka ikalirukia mdomoni. Lilimeza hivyo hivyo, mbichi, bila kutafuna. Lilikuwa vivu hata kutumia meno yake.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Wakati wa mavuno lilirudi kudai kapu la maharage. Limekula mbegu, halafu linadai mavuno. Watu wakisema hawana, linaondoka na mbuzi.

Na watu wale walifanya nini? Walishukuru. Mzee Mbonea, mkubwa wa kijiji, alikuwa akilipokea zimwi amejifunga shuka safi. "Limechukua mbuzi tu," aliwaambia wenzake. "Lingeweza kuchukua ng'ombe." Lilipochukua ng'ombe alisema, "Lingeweza kuchukua mtu." Wenzake wakatikisa vichwa, wakasema mzee ana busara. Busara ya nini, mpaka leo sijui.

Basi mbuzi wakaisha. Ng'ombe wakaisha. Siku moja zimwi likaja likasema, "Mavuno yajayo nataka kapu la maharage. Likikosekana, nachukua mtoto."

Wazee wakakaa kikao, na hawakukaa sana. Walimchagua Nakiete, binti wa Namkunda. Walimchagua kwa sababu nyumba ile haikuwa na wajomba wa kuja kugomba, na baba yake, Mgonja, alikuwa mtu ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi.

Mgonja akarudi nyumbani, akasimama mlangoni.

"Mama Nakiete, wazee wameamua."

"Wameamua nini?"

"Maharage yakikosekana, Nakiete ataenda kwa zimwi."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema nitakuja kukuambia."

Namkunda akamgeuzia mumewe mgongo. Akapanda juu ya kigoda, akatoa kibuyu cha mbegu alichokificha darini. Akakaa nacho mapajani, akawaza.

Huko mlimani, watoto wangu, mbuzi walilala ndani pamoja na watu, kwa ajili ya baridi. Mwanambuzi akizaliwa msimu wa ukungu hatupwi nje. Anakaa karibu na jiko. Akipata nguvu anatolewa kivulini, halafu anaoteshwa jua la asubuhi, ndipo anaachiwa malishoni. Kila mwanamke wa kijiji kile alilijua hilo. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba haragwe nalo ni mtoto wa kitu fulani.

Basi Namkunda akakata magamba ya mgomba, akayakunja yakawa vikombe, akavijaza udongo mweusi na samadi ya zamani. Kila kikombe akakitia mbegu yake, akaifukia kidogo, akainyunyizia maji. Akavipanga vyote kwenye uchaga wa juu ya jiko, pale penye moshi na joto, mbali na ardhi.

Wanakijiji wenzake wakapanda shambani kama kawaida yao. Na zimwi likaja kama kawaida yake, likalala kifudifudi, likaita. Sauti ikapita chini ya mashamba, ikapita chini ya nyumba, ikapita chini ya miguu ya Namkunda aliyekuwa akikoroga uji. Mbegu za jirani zikachomoka kama mvua inayorudi juu. Za uchagani hazikugusa ardhi, kwa hiyo hazikusikia neno. Zilikaa tu, zikavimba, zikapasuka, zikainua vichwa.

Jirani zake walipoingia kuomba moto, wakaona. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Namkunda anafuga maharage ndani kama mbuzi."

"Jioni anayakama."

"Yakikua atayafunga kamba."

Namkunda akawapa moto wao, wakaondoka. Watu ambao hawakuwa na punje hata moja shambani walipata nguvu ya kumcheka mwenye miche. Mimi nimeishi sana, na watu wa namna hiyo sijawahi kuwakosa.

Miche ilipotoa majani, Namkunda akaanza kuitoa. Kivulini kwanza, jua la asubuhi baadaye, ndipo shambani. Aliiweka chini ya upenu kwa muda mfupi, akairudisha. Siku iliyofuata akaiacha zaidi kidogo, akairudisha. Mashina yalikuwa meupe na dhaifu, yakaanza kukaza.

Siku moja Namkunda akaenda mtoni. Huku nyuma Mgonja akapita kwa jirani, wakamuuliza mbuzi wake wa kijani hawajambo. Akaona aibu. Watu walikuwa wameshamgawa bintiye naye hakuona aibu. Alipotaniwa kwa ajili ya miche ndipo aibu ikamshika. Akarudi nyumbani akaibeba miche yote aliyoiona, akaipanga uwanjani, jua la mchana likiwa kali kuliko wakati wowote.

Namkunda aliporudi alikuta majani yamelala, yamebabuka, yamekuwa kama karatasi.

"Baba Nakiete, umefanya nini?"

"Nimeisaidia. Si mwisho wake ni kukaa juani?"

"Wewe ulipozaliwa, mama yako alikupa jembe siku hiyo hiyo?"

Namkunda akakaa chini akalia, akalia kwelikweli, kwa sababu hakuwa akililia maharage, alikuwa akimlilia mtoto. Nakiete naye alikuwa amesimama pembeni, na alijua kila kitu. Watoto hujua.

Kisha Nakiete akaingia ndani, akaita, "Mama, hii hapa hakuiona." Nyuma ya mtungi wa maji ilibaki miche michache, mizima.

Basi Namkunda akaanza tena, na safari hii hakwenda mtoni bila kuifungia. Kivulini kwanza, jua la asubuhi baadaye, ndipo shambani. Mashina yakakaza. Jioni moja jua lilipopoa akachimba mashimo, akashusha kila mche pamoja na kikombe chake cha mgomba, bila kugusa mzizi, kwa maana haragwe halipendi kushikwashikwa miguu. Akashindilia kwa kiganja, akamwagilia.

Miche ikashika. Ikapanda vijiti alivyoisimikia, ikachanua, ikaweka maganda.

Siku ya mavuno zimwi likateremka. Mzee Mbonea alikuwa ameshajifunga shuka safi, na Nakiete ameshaogeshwa na wake wa wazee. Hilo la kumwogesha siwasamehe.

Namkunda akatokea amejitwika kapu limejaa. "Kapu lako hili. Mwanangu nipe."

Zimwi likatazama kapu, likatazama shamba, likakuna tumbo.

"Haya yametoka wapi? Mimi nilikula mbegu zote."

"Yalitoka nyumbani kwangu."

"Basi nimeibiwa. Mbegu zote ni zangu, na hizi sikuzila. Kapu nachukua, na mtoto nachukua kufidia mbegu."

Mzee Mbonea akakohoa. "Ukitazama vizuri," akasema, "hoja yake ina uzito."

Namkunda hakumtazama hata huyo mzee. Akaliambia zimwi, "Kama mbegu ni zako, ziite. Zikikujia, mchukue mtoto. Zisipokuja, usikanyage tena hapa."

Zimwi likacheka. Kuita ndiyo kazi pekee liliyoiweza. Likalala kifudifudi katikati ya shamba, tumbo juu ya udongo.

"Mbegu, mbegu, njoo kwa bwana wako."

Majani yakatikisika kidogo kwa pumzi yake. Hakuna kilichokuja. Kitu chenye mizizi na majani si mbegu tena, na punje za kwenye maganda yaliyobaki zilikuwa zimening'inia juu, mbali na ardhi, kwa mama yao, na za kapuni zilikuwa kichwani kwa Namkunda.

"Mbegu, mbegu, njoo kwa bwana wako."

Hakuna kilichokuja. Nakiete alikuwa ameshika kanga ya mama yake kwa mikono miwili.

Zimwi likakasirika. Likajaza kifua, likakandamiza tumbo ardhini kwa nguvu zake zote, likanguruma mpaka mawe yakabiringika:

"Mbegu, mbegu, njoo kwa bwana wako!"

Na zikaja. Hazikutoka ardhini. Mbegu zote lilizozimeza miaka ile yote, mbichi, bila kutafuna, zilikuwa tumboni zimebanwa juu ya udongo, zikasikia sauti. Zikaitikia. Zikapanda kooni, zikamiminika mdomoni, kapu baada ya kapu, na zimwi likitaka kufunga mdomo haliwezi, likitaka kusema basi haliwezi. Tumbo likanywea. Miguu ikanywea. Mwisho likabaki kijitu kidogo, ngozi inalegea kama gunia tupu, kikasimama kikijishika suruali ambayo haikuwepo. Kikakimbilia msituni, na hata mbwa hawakujisumbua kukifukuza.

Wanakijiji je? Wakakimbilia mbegu zilizotapikwa. Mzee Mbonea alifika wa kwanza, ameikunja ile shuka safi kuwa mfuko. "Niliwaambia tuwe na subira," akasema, huku akizoa.

Namkunda akamshika mwanawe mkono, akabeba kapu lake, akaenda kupika. Mgonja akawafuata kwa mbali, akaenda kuchota maji bila kuambiwa. Ulikuwa mwanzo, na haukuwa mkubwa.

Msimu uliofuata watu wakapanda zile mbegu za tumboni. Zikaoza zote, kama walivyostahili. Basi Mzee Mbonea akachukua bakuli, akaenda kugonga kwa Namkunda. Aliyefungua alikuwa Nakiete.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lo, umekua."

"Nimekua, babu, ingawa hukupanga hivyo."

Mzee akatazama bakuli lake.

"Mpe, Nakiete," Namkunda akasema kutoka ndani. "Mpe na magamba ya mgomba, maana hata hayo hajakata."

Nakiete akampa mbegu, akampa magamba, akamweleza polepole kama anavyoelezwa mtoto: kivulini kwanza, jua la asubuhi baadaye, ndipo shambani. Kisha akafunga mlango. Mzee Mbonea akabaki nje na bakuli lake, akisema neno ambalo hakuna aliyesubiri kulisikia.

Hadithi yangu naitua hapo, mwenye kuibeba aibebe. Anayekula mbegu zenu halafu akaja kudai mavuno, msimshukuru. Na anayemtoa mtoto wa mwenzake ili yeye alale salama, akija na njaa mpeni chakula, lakini heshima msimpe.