Makombe ya Kisima cha Fisi

Paukwa, nyinyi mliokaa na nyinyi mnaojifanya mmelala. Pakawa, semeni kwa nguvu nisikie. Basi ni zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa na soko lao.

Ko. Ko. Ko. Usiku wa manane, chini ya shimo la Bi Buku, panya buku, mama wa watoto sita. Akaamka, akawafunika wanawe, akatega sikio. Tangu uchimbaji uanze, sauti ya huko chini ilikuwa fuu, fuu, udongo laini. Leo ni ko. Ukucha juu ya mwamba.

Ngojeni kwanza niwaeleze, mjue kwa nini moyo ulimruka. Kiangazi kilikuwa kinakuja, kile kibaya, kinachokausha hata mto. Fisi akasema tuchimbe kisima, ila wachimbaji watakula nini? Akaokota makombe ya konokono, akasema kila kombe ni fungu la kisima. Lete mtama, chukua kombe. Maji yakitoka, mwenye kombe atakunywa. Na wazo lilikuwa zuri, ndilo linaloniudhi. Mtama ukamlisha Mhanga, fundi wa kuchimba kwa kucha, Mhanga akachimba.

Ukilichoka kombe lako unaliuza sokoni. Soko limezungushiwa miiba, wewe huingii. Anaingia Tumbili, dalali. Unamnong'oneza unachotaka, anaruka ndani, anatafuta anayetaka kinyume chako. Kunguru yuko juu ya tawi, anatangaza bei. Wanaotaka wakizidi, bei inapanda. Wanaouza wakizidi, bei inashuka. Wakipatana, Kunguru anagonga kibuyu, du, imekwisha, hakuna kurudi. Na Tumbili anachota konzi ya mtama kwa muuzaji, anachota konzi kwa mnunuzi. Upate, ukose, yeye anatafuna.

Bei ikapanda. Ikapanda tena. Wanyama wakaacha kutazama kisima, wakawa wanamtazama Kunguru. Bei inapanda, basi maji yapo. Nani aliyachungulia? Hakuna. Hata Bi Buku, na anaishi pale pale juu yake. Alitoa mtama wa watoto, akanunua makombe. Mtama wote. Wote.

Usiku ule akateremka. Akamkuta Mhanga, kucha zimekatika. Akamuuliza maji yako wapi. Mhanga akasema hakuna maji, ni mwamba kila upande, na Fisi ameshaambiwa tangu juzi, akamwamuru anyamaze, aendelee kugonga ili wasikie kazi.

Juzi. Na jana Fisi alikuwa sokoni akisema harufu ya maji imemjaa puani.

Kulipokucha, Bi Buku mbio mpaka miibani, makombe mashavuni. Ndani, lundo la makombe ya Fisi mbele ya Tumbili, linangoja kibuyu. Nje, Kanga na vifaranga wake na wenzake, mtama migongoni, wanangoja kununua.

Fisi akamwona, akamsoma machoni. Akamvuta pembeni kwa upole, mnafiki yule.

"Mama watoto, tia yako juu ya yangu. Kanga atachukua yote. Wanao watakula."

"Na wa Kanga?"

"Wa Kanga wana mama yao. Hapa sokoni nimemshika nani mkono anunue kwa nguvu?"

Nawaambia kweli, alisita. Mama gani asingesita? Kiangazi mlangoni, watoto sita. Akamtazama Kanga, anawapanga vifaranga wasikanyagwe. Akatema makombe chini, ta, ta, ta, akapanda kichuguu.

"Kisima ni mwamba," akasema. "Fisi anajua tangu juzi. Nendeni mkachungulie."

Wakaenda, wakachungulia, kwa mara ya kwanza. Kunguru akatangaza bei, kimya. Akaishusha, kimya. Akaishusha mpaka akafunga mdomo. Kombe likarudi kuwa gamba la konokono. Mtama wa Bi Buku ulikuwa umekwenda, sitawadanganya. Lakini mtama wa migongoni ulibaki migongoni, wakampelekea Mhanga akachimbe bondeni, safari hii kila mtu anachungulia. Kanga akamjazia Bi Buku mashavu yote mawili.

Funzo nalisema wazi, maana nimekasirika. Bei siyo maji. Na anayejua kwanza, akanyamaza ili amuuzie asiyejua, huyo hafanyi biashara, huyo anaiba, hata kibuyu kikigongwa.

Ngano yangu naitua hapa, kwa maneno ya mwisho ya wale wawili. Fisi alimfuata Bi Buku jioni ile, sauti chini. Akasema wa ng'ambo ya mto hawajasikia, atawauzia wao, watagawana. Asimwambie mtu mwingine, tafadhali.

"Naahidi, mzee," akasema Bi Buku. "Mimi sitamwambia mwingine yeyote. Nimemwachia Kanga, naye ameshavuka mto."