Chai Aliyoikataa Somoe

"Pole haipandishi ngazi." Bi Nangeta alimkatiza hivyo mjukuu wake, aliyekuwa akimpa pole jirani aliyeezuliwa paa. Wajukuu wakaangua kicheko, kisha wakambana: bibi, hiyo umeitoa wapi? Kumbe msemo una kwao! Na kwao ni kisa hiki.

Mto Kilindwe ulipofurika, kijiji kizima kilihamia uwanja wa shule, kule mwinukoni. Somoe naye alikuwemo, msuka mikeka mwenye mdomo kama wembe. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, kwa hiyo alitembelea mikono, ndala kazivaa viganjani, tap tap tap, na kufika sokoni humtangulii.

Basi wakaletwa mafundi wa vyoo. Mafuriko ya nyuma yalifumua mashimo, uchafu ukaelea mpaka jikoni, kwa hiyo safari hii vyoo vikainuliwa juu ya majukwaa ya mbao, vikawekewa ngazi. Akili hiyo, nani akatae? Ila ngazi zile zilikuwa tope tupu, na si tope peke yake, nyie wenyewe mnajua choo cha watu wengi. Mwenye miguu anakanyaga anapita. Somoe anakanyaga kwa viganja, khanga inaburuzika, foleni nzima inamtazama, na mikono hiyo hiyo ndiyo ya kulia ugali.

Akaona dawa ni moja: asinywe maji. Midomo ikapasuka, mkojo ukawa unamchoma kama pilipili, kichwa kinagonga. Na watu ndio kwanza wanamwaga pole! Mwenyekiti wa kambi, Mzee Ngwele, ndiye bingwa wao. Asubuhi pole Somoe, mchana pole mwanangu, hata akipita na mswaki mdomoni, pole. "Nimeshapoa," anajibu, moyoni anatokota. Pole zile zingekuwa mbao, si angeshajenga ghorofa!

Siku moja kikaitwa kikao cha kuwaaga mafundi, maana kesho yake wanaondoka na mbao zao kwenda kambi nyingine. Sasa, watu wa Kilindwe wana mila yao: kikao cha janga hakifunguliwi mpaka kila aliyeketi amekunywa chai, asije mtu akasema kwa hasira za njaa. Chai ikamiminwa. Wote wakanywa. Kikombe cha Somoe kikabaki kimejaa.

"Kunywa basi, Somoe, tunakungoja wewe," Mzee Ngwele akasema.

"Sinywi."

"Kwani ina chumvi?" fundi mkuu akatania.

"Ina maji."

Watu wakacheka. Mzee Ngwele akalegeza sauti. "Pole, mwanangu. Ni homa?"

Aaa, hapo Somoe akachoka kabisa.

"Mzee Ngwele, pole zako zimejaa hemani kwangu, hata pa kulala sina! Pole haipandishi ngazi! Nikinywa chai hii, baadaye nitataka choo. Utanibeba wewe? Utanishika nikijisitiri? Sema, mkeo yupo hapa anasikia!"

Mke wa mzee akajifunika khanga uso mzima, mabega yanatikisika.

"Mbona hukutuambia?" fundi akauliza.

"Mlipima shimo. Mkapima maji yanafika wapi. Mkapima mpaka upepo unapeleka wapi harufu. Mlangoni kwangu mlipita kila siku, ndala mmeziona mikononi, mkasema pole mkaenda zenu. Nani aliniuliza?"

Hapo mama mmoja mwenye mimba kubwa akasema, "Hata mimi nashuka kinyumenyume." Babu mwenye mtoto wa jicho akakohoa, akakiri kwamba juzi alianguka pale, akaona aibu kusema.

"Tutalishughulikia," Mzee Ngwele akasema, "mafundi wakirudi."

"Basi na chai nitainywa wakirudi."

Loo! Bila chai hakuna kikao, na bila kikao mafundi hawaagwi. Mzee akasugua kipara, akamtazama mkewe, mkewe akatazama pembeni. Akavua koti.

"Leteni majembe."

Wakajaza udongo penye ngazi, wakaushindilia ukawa mteremko, wakalaza mbao juu yake na kuweka mti wa kushikilia pembeni, mlango nao ukapanuliwa. Somoe kakaa pembeni anafoka: "Mwinuko gani huo, mnanifanya mbuzi? Lazeni bado!" Walipomaliza alipanda mwenyewe, pakavu, akaingia, akajifungia komeo kwa ndani. Aliposhuka alikunywa vikombe viwili mfululizo, na kikao kikafunguliwa jua limeshazama.

Tangu hapo Mzee Ngwele hakupigilia msumari kabla hajamwuliza Somoe, mpaka Somoe akaudhika upya: "Hata chumvi ya maharage mniulize mimi?" Maji yalipopungua watu wakarudi makwao na maneno yake wakayabeba.

"Kwa hiyo mkimwona mtu kakwama," Bi Nangeta akawaambia wajukuu, "pole mpeni, si dhambi. Halafu mwulizeni anakwama wapi, mshike jembe. Pole haipandishi ngazi."