Wito wa Mwalimu Damari

Wamesimulia waliotutangulia katika imani kwamba huko milima ya Usambara, zama za mwanzo za misheni, aliishi mja wa Mungu aitwaye Damari, mwalimu wa shule na wa kanisa, pamoja na mumewe Elikana, seremala. Mwenyezi Mungu hakuwajalia mtoto. Damari alifundisha watoto asubuhi na akina mama alasiri. Jioni aliitwa kuwasomea wagonjwa Injili, na Jumapili aliongoza kwaya. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi bila kunung'unika.

Aliyenung'unika ni Elikana, ingawa moyoni tu. Alikula viporo peke yake huku akimsikia mkewe akicheka na watoto wa watu. Mafundi wenzake walimtania, "Mume wa Mwalimu, leo umepewa ruhusa ya kutoka?" Alicheka nao, kisha akaupiga ubao randa hadi ukaharibika.

Ikawa watu wa Kwabosha, bonde la mbali lisilokuwa na shule wala kanisa, wakajenga chumba cha udongo na kuomba wapelekewe mwalimu. Wazee wa kanisa wakamchagua Damari. Desturi ya ushirika ule ilikuwa kwamba wito wa mwanamke aliyeolewa hupitia kwa mumewe, naye ndiye hurudisha jibu. Kumwuliza mke baada ya hapo kulihesabiwa kuwa ni kumwita mume mwongo. Basi Mzee Natanaeli akaenda karakanani, akampa Elikana ujumbe, akamsihi azungumze na mkewe.

Elikana hakuzungumza naye. Aliona bonde zima likija kumnyang'anya kile kidogo alichobakiwa nacho. Baada ya siku chache akamjibu mzee, "Amekataa. Anasema amechoka." Mzee Natanaeli alisikitika, akanyamaza, kama adabu ilivyotaka.

Lakini habari za Kwabosha zilikuwa zimeenea, na Damari aliitamani kazi ile. Akamwuliza mumewe kama wazee wamesema lolote. Akajibiwa la. Ndipo alipoamini kwamba wazee wamemwona ana dosari. Chakula cha Bwana kilikuwa kimekaribia, wakati ambapo waumini hupatana kabla ya kuisogelea meza. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Alimwomba radhi mama ambaye yeye Damari aliwahi kumkemea kwa kuchelewa, na mwanakwaya ambaye alimnyamazisha mbele ya wenzake. Wote walishangaa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kinyongo naye.

Mwisho akaja karakanani, akaketi juu ya gogo.

"Elikana, nimewamaliza wote. Umebaki wewe. Nimekulisha viporo, na muda wako nikawapa watu wa nje. Kama ndiyo sababu Mungu amenipita, nisamehe."

Elikana akaiweka randa chini. Inasemekana kwamba kuungama mbele ya askofu kungalikuwa kwepesi kwake kuliko saa ile.

"Mungu hakukupita," akasema. "Mzee Natanaeli alikuja hapa na wito wako. Mimi nilimwambia umekataa."

Damari akauliza kwa nini.

"Wivu. Kila mtu ana sehemu yake kwako. Mimi naachiwa mabaki."

"Hayo mabaki nimeyaombea radhi sasa hivi. Lakini wewe umeniacha nizunguke kijiji kizima nikitafuta kosa langu, na jibu unalo wewe. Kesho ni ibada. Utawaambia mwenyewe, mimi sitakusemea."

Elikana alijua atakachopoteza: heshima yake mbele ya watu, na pengine mke mwenyewe. Hata hivyo, siku ya pili, kabla ya sala ya maungamo, alisimama akasema, "Damari hakukataa. Hakuulizwa. Niliwadanganya."

Kanisa likanong'ona. Mzee Natanaeli hakumkemea. Alimgeukia Damari, jambo ambalo halijapata kufanyika katika ushirika ule, akamwuliza yeye mwenyewe.

"Nitakwenda," akasema Damari. "Na huyu seremala akitaka, aje. Wale watu hawana madawati."

Elikana akaenda. Waliotusimulia hawakudai kwamba wivu ulimtoka siku ile. Wanasema uliendelea kumjia huko Kwabosha, ila alikuwa amejifunza kusimama mlangoni pa darasa baada ya vipindi na kusema, "Mwalimu, leo nina wivu." Naye Damari aliacha chaki, wakaketi pamoja na kuzungumza, kisha akaenda kwa wagonjwa wake. Waliishi hivyo hadi Mola alipomwita Damari.

Ndugu waumini, twamwomba Mungu atuondolee wivu, na pengine haoni vema kutuondolea upesi. Elikana alijaliwa jambo dogo kuliko hilo: kuusema. Nasi tuombe tujaliwe kusema, na tuseme mapema, tungali tunaye wa kumwambia.