Bi Riziki Hajaridhika

Bi Riziki, mpishi mstaafu wa shule huko Pangani, alikuwa na nauli ya siku tatu tu katika meli ya kitalii ya tajiri Nassoro. Tangazo la meli liliahidi kwamba abiria asiyeridhika angerudia safari bure. Kila safari ilipoisha, Bi Riziki alisema hajaridhika. Safari ya tisa, tajiri mwenyewe alimfuata mezani, amenuna.

"Bibi, chakula unamaliza, muziki unacheza, na umenenepa. Kipi hakikuridhishi?"

"Siku tatu hazitoshi, mwanangu. Nikianza tu kuzoea, mnanishusha."

"Basi safari hii hushuki ng'o, mpaka useme kwa kinywa chako kwamba umeridhika."

"Nitajitahidi," alisema Bi Riziki, akaagiza chai na sambusa.

Mwaka wa pili ulimkuta bado anajitahidi.