Sauti ya Kobelo

Burudani ya kijiji ilikuwa keshokutwa pale Bwana Lukoo, tajiri wa mahindi, alipoujaza ukumbi wa kijiji magunia yake.

"Chezeni nje," alikiambia kikundi cha ngoma.

Masika yalikuwa yamepamba moto, na ngoma hazipatani na maji. Kikundi kikamtuma nyumbani kwake Kobelo, ambaye hakuwa na kipaji chochote ila mdomo.

"Tumekubali, mkubwa," Kobelo alisema kwa unyenyekevu. "Tutacheza uwanjani, mbele ya baraza lako. Mwimbaji ni mimi."

"Kumbe unajua kuimba?"

"Mke wangu akinisikia naimba, ndipo anapokumbuka kwenda kisimani."

Akamwonjesha ubeti mmoja. Kuku wa Lukoo wakakimbilia uvunguni.

"Utaimba mpaka saa ngapi?" Lukoo aliuliza, kidole sikioni.

"Mpaka nipigiwe makofi, mkubwa. Na tangu nizaliwe sijapigiwa."

Jioni ile ile magunia yakatolewa.

Siku ya burudani mvua ilimwagika, na ukumbi ukafurika watu. Lukoo naye alikuja, akamkuta Kobelo kando ya jukwaa.

"Mbona huimbi?"

"Mimi, mkubwa? Kazi yangu humu ni kuvuta pazia. Siku niliyoomba kuimba, wenzangu walinikabidhi kamba."