Fundo la Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Huyo aliyenyamaza pale nyuma anatafuna mahindi yangu, namwona. Tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa hawajachoka kuzungumza nasi, kulikuwa na bonde lenye chemchemi za maji ya chumvi. Kila kiangazi watu walihamia huko. Walichemsha yale maji mpaka ikabaki chumvi tupu, wakaijaza kwenye vikapu, wakaenda kuibadilisha kwa mtama. Kambini walilala chini ya ngozi za ng'ombe zilizoshonwa pamoja, zikainuliwa kwa miti na kuvutwa pembeni kwa kamba za katani mpaka kwenye vigingi. Ninyi wa leo mngeliita turubai.

Mwaka huo alikuwapo Nyamizi pamoja na baba mkwe wake, Mzee Shigela. Shamba lao lilikuwa limeliwa na nzige. Nyumbani alibaki mume wa Nyamizi, mgonjwa wa miguu, na watoto watatu, na mtama wa mwezi mmoja ghalani. Kwa hiyo ile chumvi ndiyo ilikuwa chakula chao. Ikilowa, hawana kitu.

Sasa watu wa bonde lile walikuwa na desturi yao. Kamba ilifungwa mafundo saba, fundo juu ya fundo, na kila fundo likatajiwa jina la babu au bibi aliyetangulia. Kulifungua ilikuwa mwiko. Wakihama, walikata kamba, wakayaacha mafundo pale pale kwenye vigingi. Mzee Shigela alifunga huku jasho likimtoka, na akimaliza alipigapiga fundo na kusema, "Hapa hata tembo hang'oi."

Karibu na kambi palikuwa na mti wa mgunga, na juu yake mnana, ndege mdogo wa manjano, alikuwa akisuka kiota. Alishuka kuomba nyuzi za katani. Akamwomba Mzee Shigela, akafukuzwa. Akamwomba jirani, akatupiwa jiwe. Akamwomba Nyamizi. Nyamizi akafumua ncha ya kamba yake, akampa nyuzi nyingi kuliko alizoweza kubeba.

"Chukua, mwenzangu," akamwambia. "Nawe unajenga."

Siku ya tatu ikanyesha mvua isiyotazamiwa. Katani ikilowa hufupika, watu wangu, na zile kamba zilifupika. Zikavuta, zikavuta, zikavuta, mpaka vigingi vikang'oka na ngozi ikalala juu ya vikapu. Vikapu vitatu vikayeyuka.

"Mafundo yalikuwa machache," akasema Mzee Shigela.

Wakafunga mafundo kumi na manne. Majina ya mababu yakaisha, ikabidi wataje na wajomba. Mvua ya pili ikaja. Kamba zikavuta, zikavuta, zikavuta. Safari hii vigingi vilishika, ikachanika ngozi. Vikayeyuka vikapu vinne, vikabaki vitano.

Nyamizi aliishona ile ngozi, kisha akakaa chini ya mgunga akalia. Hakuvililia vikapu. Moyoni aliwaona wanawe watatu kule nyumbani, wamekaa mlangoni wakitazama njia.

Mnana akashuka tawi moja. "Kiota changu kimelowa kama hema lenu," akasema, "na bado kipo. Unajua kwa nini?"

"Umekifunga sana."

"Sikukifunga sana. Upepo ukizidi, nakilegeza kidogo. Wewe ukitaka kulegeza kamba yako unafanyaje?"

Nyamizi akafikiri. "Naikata."

"Basi lete hiyo kamba."

Mnana akamfundisha kwanza fundo la pembeni mwa ngozi. Akatengeneza jicho dogo katika kamba, ncha ikatokea jichoni, ikazunguka nyuma ya kamba, ikarudi jichoni. Kikabaki kitanzi ambacho hata ukikivuta namna gani hakikazi wala hakiikabi ngozi. Nyamizi alikosea mara mbili. Mara ya tatu akapatia.

Kisha likaja fundo la kigingini. "Sikiliza," mnana akasema. "Kamba izunguke kigingi, irudi juu kwenye mwili wake. Ndani ya kitanzi, zungusha mara mbili. Nje ya kitanzi, mara moja. Halafu vuta." Akaimba kwa kasi, "Zunguka, zunguka, toka nje, vuta." Nyamizi akafunga. Akalisukuma lile fundo juu kwa kidole, kamba ikakaza. Akalishusha kuelekea kigingi, kamba ikalegea. Akavuta kamba yenyewe kwa nguvu zake zote, na fundo halikusogea hata kidogo. Akacheka huku machozi hayajakauka.

Alipomwendea baba mkwe wake kumwomba wafunge hema hivyo, mzee alikunja uso. "Pembe tatu fanya upendavyo, maana nimekuona ukilia. Pembe ya nne ni ya mababu. Usiiguse."

"Nimesikia, baba," akasema Nyamizi.

Mvua ya tatu ilikuja mchana kweupe, na upepo wake. Kamba zikaanza kuvuta. Nyamizi akakimbilia pembe ya kwanza, akashusha fundo. Akakimbilia pembe ya pili, akashusha fundo. Akakimbilia pembe ya tatu, akashusha fundo. Ngozi ikapumua, ikatulia. Lakini pembe ya nne ilikuwa inavuta, na Mzee Shigela alikuwa amekikalia kigingi kwa mwili wake mzima, nacho kinapanda pamoja naye.

"Baba, kata!"

"Nikikata kabla hatujahama, nimewakata wazee wangu."

"Baba, wale watoto kule nyumbani ni wa nani, kama si wa hao wazee wako?"

Mzee akamtazama. Mvua ilikuwa ikimtiririka ndevuni. Akachomoa kisu, akafumba macho, akakata. Ngozi ikaruka juu, Nyamizi akaidaka kamba ikiwa hewani, akaipitisha kwenye kigingi.

"Sasa wataje," akasema.

"Niwataje wapi? Hakuna fundo."

"Lipo, baba. Wataje nikifunga."

Mzee Shigela akataja. Mihayo, kamba ikazunguka kigingi. Kashindye, ikarudi juu. Luhende, ikazunguka ndani. Wande, ikazunguka tena. Ngolo, ikatoka nje. Nsabi, ikapita chini yake. Milembe, Nyamizi akavuta. Wote saba wakaingia katika fundo moja, na pembe ya nne ikashika.

Jua lilipotoka, vikapu vitano vilikuwa vikavu. Kamba zilipokauka zikalegea, Nyamizi akapita akiyasukuma mafundo juu, moja baada ya jingine.

"Mwanangu," akasema Mzee Shigela, "nilikuona unachezea ndege. Asante. Umenilishia wajukuu."

"Asante si yangu peke yangu, baba."

Mzee akaelewa. Akafumua ncha ya kamba yake mwenyewe, akazipeleka zile nyuzi chini ya mgunga, akaziweka kwenye tawi la chini kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni wa heshima. "Nilikufukuza," akasema. "Nisamehe. Na asante sana."

"Nimepokea," mnana akajibu, akaendelea na kazi yake.

Vikapu vitano vilitosha. Watoto walikula ugali mpaka mavuno mapya, na yule baba yao akapata nguvu ya kusimama. Na tangu hapo, watu wa bonde lile wakifunga kamba hutaja majina manane. Saba ni ya wazee wao waliotangulia. La nane hulitaja mwisho kabisa, na huiacha ncha ya kamba imefumuka, ili mwenye jina aje achukue nyuzi zake.

Hadithi yangu naifunga hapo hapo, na ncha nimewaachia ninyi.