Jina Moja la Ghala la Jozi

Kaeni vizuri, na mwenye simu aiweke mfukoni, maana nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika nchi ya Moldova, kwenye kijiji kiitwacho Valea Lina, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Ilinca, mjane wa miaka hamsini na minane. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Kijiji kile hupanda miti ya jozi, tunda lenye ganda gumu kama kijiwe na kiini kilichokunjamana ndani yake. Watu wengi wakipasua jozi, kiini husagika. Ilinca aligonga mara moja tu kwa kinyundo chake, ganda likafunguka, na kiini kikatoka nusu mbili kamili bila hata ncha kumeguka.

Wa pili ni Tudor, aliyewahi kufundisha kemia katika shule ya kijiji. Huyu kipaji chake kilikuwa kusoma. Hakuna karatasi ya serikali iliyomshinda, iwe ndefu vipi, iwe na maandishi madogo kiasi gani. Mtu akipokea barua asiyoielewa, alimpelekea Mwalimu.

Wa tatu ni Grigore, mkulima mkimya mwenye mabega mapana. Yeye alipewa pua. Alitia mkono ndani ya gunia, akanusa kiganja, akakwambia jozi zile zilianikwa wapi na zilinyeshewa siku gani.

Vipaji vilitofautiana, lakini kulikuwa na jambo lililowafananisha. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wake ng'ambo.

Binti wa Ilinca, Doina, alikuwa Padova huko Italia, akimtunza bibi kizee asiyeweza kutoka kitandani. Alikwenda kwa mwaka mmoja, na mwaka ule ukazaa mingine saba. Kila Jumapili alasiri alipiga simu, na Ilinca, ambaye hakuwahi kukanyaga Italia, aliijua nyumba ile kwa masikio: mlio wa saa ya ukutani, kikohozi cha yule bibi, mlango wa friji usiofunga vizuri. Simu ikikatika alibaki ameishikilia, kana kwamba bado ina joto la mtu.

Mke wa Tudor, Aurica, naye alikuwa Italia kwa kazi kama hiyo, mwaka wa kumi na moja sasa. Na mtoto pekee wa Grigore, Petru, alijenga nyumba za watu huko Ureno. Hawakuondoka kwa kupenda. Kijijini hapakuwa na kazi, basi. Ghala la jozi lilikuwa limefungwa, na kufuli lake limeshika kutu.

Mnajua kwamba nchi nyingi za Ulaya zimeungana zikafanya soko moja, bidhaa ya huyu inaingia kwa yule bila ushuru. Moldova haikuwa mwanachama. Ilikuwa jirani tu, anayeona taa za sherehe kupitia dirishani. Kisha ukatiwa saini mkataba: jirani naye aruhusiwe kuingiza mazao yake sokoni, mradi afuate kanuni za wenye soko. Siku habari ile ilipotangazwa redioni, Ilinca alikuwa akimenya viazi. Aliacha kisu mezani.

"Kama jozi zinaweza kwenda," alijiambia, "basi watu wanaweza kurudi."

Haukupita muda, mfanyabiashara mmoja kutoka Austria, Bi. Renate, akafika kijijini. Alionja jozi, akafumba macho, akaonja tena. Alisema atanunua lori moja kwa kujaribu, kwa masharti matatu. Karatasi zote ziwe sawa. Jozi zisiwe na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hata chembe. Na viini viwe nusu kamili, si vipande. Zaidi ya hayo, lori lipite mpakani kabla ya tarehe kumi Desemba. Likichelewa, ananunua kwingine.

Sikilizeni sasa alichofanya kila mmoja.

Mwalimu Tudor alichukua mkataba, kurasa mia kadhaa, akausoma wote. Akagundua kwamba bila namba ya usajili wa ghala na cheti cha kuthibitisha jozi zilikuzwa wapi, lori lingerudishwa mpakani. Akapanda basi kwenda mji mkuu. Mara ya kwanza aliambiwa fomu imebadilika. Mara ya pili aliambiwa jina la kijiji limeandikwa tofauti katika karatasi mbili. Mara ya tatu aliitwa siku ambazo Aurica alikuwa nyumbani. Mwanamke yule alikuwa amepewa likizo ya siku tano, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Siku mbili kati ya hizo tano, mumewe alikuwa amesimama kwenye foleni.

"Nenda," Aurica alimwambia mlangoni. "Mimi nitafua mapazia."

Aliporudi na cheti, mapazia yalikuwa yananing'inia meupe, na mkoba wa mke wake ulikuwa umeshaanza kufungwa.

Grigore alipewa kazi ya kunusa. Kufuli la ghala lilivunjwa, yakaletwa humo magunia sitini kutoka nyumba zote, akayapitia moja baada ya moja, kwa siku nne, bila kuvuta sigara wala kula kitunguu. Akayatenga matatu.

"Haya yana ukungu unaoanza," alisema. "Hauonekani, lakini upo. Maabara watauona."

"Ni ya nani?" Ilinca aliuliza.

Grigore aliufunga tena mdomo wa gunia. Yalikuwa yake. Yalitoka kwenye mti alioupanda siku Petru alipozaliwa, na mwaka ule mti ulikuwa umezaa kuliko wakati wowote. Kilo chache kati ya jozi hizo alikuwa amekusudia kumtumia mwanawe Ureno. Angeweza kuyachanganya na mengine, na hakuna pua nyingine kijijini ambayo ingemshuku. Aliyabeba mwenyewe mgongoni, moja moja, akayachoma nyuma ya ghala. Hakusalia na jozi hata ya kuonja.

Ikabaki kazi ya Ilinca. Mashine haikuwepo, na hata ingekuwepo ingesaga. Aliwakusanya wanawake kumi na wawili, akawafundisha mahali pa kugonga na uzito wa mkono. Wengine walijifunza, wengine walijaribu tu, kwa hiyo sehemu kubwa ilimwangukia yeye. Baridi ilikuwa kali, vidole vikapasuka, akavifunga vitambaa akaendelea.

Katikati ya kazi ile Doina akapiga simu, na haikuwa Jumapili.

"Mama, daktari anasema mtoto atakuja mapema. Wiki hii. Tiketi yako ya basi si bado ipo?"

Tiketi ilikuwepo. Ilinca alikuwa ameinunua tangu kiangazi, Doina alipomwambia ana mimba, akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Basi lilikuwa liondoke Alhamisi. Lakini robo nzima ya mzigo ilikuwa haijapasuliwa, na bila yeye isingekwisha.

"Doina," alisema, macho yake kwenye magunia yaliyobaki.

Upande wa pili saa ya ukutani ililia mapigo yake. Mtu akakohoa.

"Nimeelewa, Mama," Doina alisema. "Nitakuonyesha kwa simu."

Mjukuu alizaliwa Ijumaa, msichana. Ilinca alimwona kwenye kioo cha simu kilicho kidogo kuliko kiganja, huku yeye amekaa juu ya kreti, maganda yamemjaa mapajani. Alinyoosha kidole kugusa shavu la mtoto, picha ikaganda.

Tarehe nane lori liliondoka. Mpakani, ng'ambo ya mto Prut, wakaguzi walifungua kila kitu. Walisoma karatasi: hakuna kosa. Walipeleka sampuli maabara: hakuna sumu. Walimwaga katoni tano mezani: nusu kamili, nusu kamili, nusu kamili. Lori likapita. Tudor alipopigiwa simu alitoka nje bila koti, akapaza sauti barabarani kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani.

Mwishoni mwa Januari Bi. Renate alirudi. Aliwaita watatu ghalani, wakakaa kwenye kreti, akawaambia habari njema. Atanunua kila mwaka. Ghala litafunguliwa kwa kudumu, na patakuwa na kazi ya mwaka mzima, yenye mshahara wa kutosha mtu kuishi hapa hapa na familia yake.

"Kazi ngapi?" Tudor aliuliza.

"Moja," alisema Bi. Renate. "Kanuni za soko zinataka jina moja la mwenye dhamana ya ghala. Likitokea tatizo, tunajua wa kuulizwa. Siwezi kuandika majina mawili. Na nahitaji mtu aliyeishi ng'ambo, katika nchi za soko letu, anayeweza kuongea na wanunuzi kwa lugha yao."

Kila mmoja alijua mwenzake anamfikiria nani.

"Nimesikia kwamba angekosekana hata mmoja wenu, lori lisingepita," Bi. Renate aliendelea. "Kwa hiyo siwezi kuchagua mimi. Nitakuwa hapa hadi saa kumi. Nileteeni jina."

Walikwenda kupiga simu, kila mtu pembe yake ya ghala.

Aurica alimsikiliza mumewe hadi mwisho. "Miaka kumi na moja nimelala katika vyumba vya watu wengine," alisema. "Tudor, nimeanza kusahau swichi ya taa ya jikoni kwetu iko upande gani. Kama inawezekana, nirudishe kabla sijasahau mengine."

Grigore, ambaye si mtu wa simu, alimweleza Petru kwa maneno machache. Petru akamjibu: "Baba, mwezi uliopita nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Sikukwambia. Mgongo bado unauma. Nikirudi, sitaondoka tena."

Doina alikuwa ameshajua kutokana na pumzi ya mama yake kwamba kuna jambo. "Usiniombee mimi, Mama," alisema. "Mimi nimezoea. Lakini huyu mtoto juzi amecheka mara ya kwanza, na aliyechekewa ni yule bibi wa watu. Nilitamani awe wewe."

Ilinca aliweka simu mfukoni, akarudi walipokaa wenzake. Macho ya Grigore yalikuwa mekundu. Tudor alikuwa amevua miwani na kuishika tu.

"Mwalimu," Ilinca alianza, "bila karatasi zako jozi zingerudishwa. Na umepoteza siku mbili za kukaa na mkeo, siku ambazo hakuna atakayekurudishia. Labda aje Aurica."

"Dada Ilinca, karatasi hazina maana kama mzigo una sumu," Tudor alijibu. "Kaka Grigore alichoma jasho lake mwenyewe ilhali angeweza kunyamaza. Na kijana ameumia."

Grigore akatikisa kichwa. "Mimi nilinusa siku nne. Dada Ilinca aligonga wiki tatu, na hadi leo hajamshika mjukuu wake. Kama si mikono ile, tungekuwa na katoni za vipande."

Walisema kweli wote, na kila mmoja aliposema alitumaini kimoyomoyo kwamba atapingwa. Ilinca alilijua hilo. Alijiona mwenyewe jinsi alivyolitamka jina la Aurica taratibu, ili wenzake wapate nafasi ya kumkatiza. Aliona haya. Lakini haya ile haikumpunguzia hamu hata kidogo. Aliwaza uzito wa mtoto wa miezi miwili unavyokaa kwenye mkono, akagundua kwamba mkono wake wa kushoto umejikunja wenyewe juu ya tumbo, ukibeba hewa.

"Tupige kura?" Tudor alisema.

"Watu watatu, majina matatu," alisema Grigore. "Kura ya nini?"

Saa kumi ilipofika, Bi. Renate aliingia na mkataba wa kazi, kurasa mbili tu. Kila kitu kilikuwa kimeshapigwa chapa isipokuwa mstari mmoja. Aliulaza juu ya kreti katikati yao, akaweka kalamu.

"Nani anaandika?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Hakuna pia aliyeondoa macho kwenye ile karatasi.

Mimi niliyewasimulia sikuwepo, na waliokuwepo hawakukubaliana. Aurica amengoja miaka kumi na moja, na mumewe ndiye aliyefungua mlango wa soko. Petru ameumia, na baba yake ndiye aliyeulinda mzigo kwa kuchoma wa kwake. Doina ana mtoto asiyemjua bibi yake, na mikono ya bibi huyo ndiyo iliyotimiza oda. Mmoja atarudi nyumbani. Wawili wataendelea kupiga simu.

Niambieni ninyi mliokaa hapa, na mtu asinijibu kwa haraka: kalamu ingekuwa mkononi mwako, mstari ule ungeujaza kwa jina la nani? Na wale wawili wengine ungewatazama vipi ukimaliza kuandika?